Uzi: Presha za AC ya gari na aina za kompresa, geji inasema nini hasa

#1 Mshale Mwekundu

Wakuu, kila mtu akiuliza AC ya gari inatakiwa isome ngapi, jibu huwa lile lile: 30 chini (upande wa presha ndogo), 200 juu (upande wa presha kubwa). Namba hizo si za uongo, ila zikisimama peke yake zinafanya kompresa nzima zing'olewe bure. Sindano ya geji inaongozwa na mambo matatu: joto la hewa inayopita kwenye kondensa (inayopoza gesi mbele ya rejeta), aina ya kompresa, na kinachoshusha presha kabla ya evapoleta, ile inayopoza hewa ya ndani ya gari (ekspansheni vavu au kijibomba chenye tundu dogo). Usipojua hayo matatu unabahatisha tu.

Hapa naongelea gesi ya AC iitwayo R134a, na vipimo vyote ni psi (kipimo cha presha) za kwenye geji. Gesi nyingine, R1234yf, presha zake ziko karibu na hizi, ila viunganishi vyake ni tofauti na yenyewe inaweza kushika moto, kwa hiyo vifaa visichanganywe.

Anza gari likiwa limezimwa na limepoa kabisa, saa mbili au zaidi kivulini. Geji zote mbili zisome sawa, na zifuate joto la hewa:

20°C: 68
25°C: 82
30°C: 97
35°C: 114
40°C: 133

Tuseme hewa ni 30°C. Ukipata 97 au karibu na hapo, ndani kuna R134a na angalau sehemu yake iko katika hali ya kimiminika. Ukipata 60, kimiminika kimekwisha, umebakiwa na mvuke. Hapo kuna sehemu inavuja, usiwashe kompresa, maana oili yake husafiri na gesi na gesi ikipungua oili hairudi. Ukipata 125, humo ndani kuna kitu kisicho R134a: hewa, au gesi iliyochanganywa. Toa yote kwa mashine ya kuvuta gesi, usiiachie hewani, uanze upya.

Ndipo uwashe. Milango wazi, feni ya ndani mwisho, baridi mwisho, hewa izunguke ya ndani, injini raundi 1500 kwa dakika, subiri dakika 5 hadi 10. Kwa upande wa juu chukua joto la hewa mbele ya kondensa, ongeza nyuzi 20 hadi 25, hilo ndilo joto ambalo gesi inageukia kimiminika. Nyuzi 50 ni 176 psi, 55 ni 202, 60 ni 229. Kwa hiyo hewa ya 30°C itakupa takriban 176 hadi 202, ya 35°C itakupa 202 hadi 229. Anayelazimisha 200 siku ya baridi anajaza gesi kupita kiasi.

Upande wa chini unasoma joto la evapoleta: 0°C ni 28 psi, 5°C ni 36, 10°C ni 45. Ikishuka chini ya 28 na kukaa hapo, mapezi ya evapoleta yanaelekea kuganda. Kukiwa na unyevunyevu mwingi na milango iko wazi, 40 na kitu si ajabu, kwa sababu evapoleta imebebeshwa mzigo mkubwa.

#2 Kijana wa Draya

Shukrani mkuu. Kwa hiyo gari likiwa limezimwa nikakuta 97 kwenye 30°C, gesi imejaa?

#3 Mshale Mwekundu

Hapana. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: ukiwa umejaa au umebaki robo presha yake ni ile ile, mpaka tone la mwisho la kimiminika liishe. Gari la ujazo wa gramu 500 likibaki na 250 litasoma 97 vile vile. Geji ya gari lililozimwa inakuambia *ni gesi gani* na kama *ipo*, haikuambii *ni kiasi gani*. Kiasi kinapimwa na mizani basi.

#4 Puli Bubu

Niongezee upande wa kompresa, maana hapo ndipo namba zinapobadilika maana.

Pistoni zenye ujazo usiobadilika, na klachi (inayounganisha na kuachanisha puli na kompresa). Ziko za sahani ya mshazari (Denso 10PA na 10S: pistoni tano zenye vichwa pande mbili, ndiyo hiyo 10) na za sahani inayoyumba (Sanden SD5H14 na SD7H15: pistoni 5 au 7, karibu sentimita za ujazo 138 na 155 kwa mzunguko). Hizi hazina akili, zinasukuma kiasi kile kile kila mzunguko. Ukikanyaga mafuta, chini inashuka na juu inapanda. Silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) chini inaweza kuwa 40, kwenye raundi 2000 ikawa 28. Klachi inakatwa na sensa ya joto kwenye evapoleta, au kwenye mifumo yenye kijibomba cha tundu na akyumuleta (chupa inayozuia kimiminika kisifike kompresa) inakatwa na swichi ya presha ya chini: inaachia karibu 22 hadi 25 na kushika tena katikati ya 40. Klachi ikikata na kushika kila baada ya sekunde chache, gesi ni pungufu kabla hujafikiria kingine.

Pistoni zenye ujazo unaobadilika, vavu ya ndani. Mfano wa zamani ni Harrison V5. Vavu yake inahisi presha ya chini na kurekebisha mlalo wa sahani: presha ndani ya mwili wa kompresa ikiongezwa, sahani inasimama wima zaidi na pistoni zinafupisha mwendo. Matokeo yake upande wa chini unatulia karibu 30 hata ukikanyaga mafuta. Ukizoea aina ya kwanza utadhani geji imekwama.

Ujazo unaobadilika, solenoidi (vavu inayosogezwa na koili ya umeme) inayoamriwa na kompyuta ya gari. Denso 6SEU na 7SEU ni za kundi hili. Nyingi hazina klachi, puli inazunguka na shafti muda wote injini ikiwaka. Umeme wa solenoidi ukiongezeka, mwendo wa pistoni unaongezeka. Solenoidi ikikosa umeme, kompresa inazunguka lakini inasukuma kidogo mno, na geji mbili zinasogeleana.

Skroli. Mizunguko miwili ya chuma, mmoja umetulia na mwingine unazungukia ndani yake. Haina pistoni, sindano inatulia tuli. Ya kuendeshwa na mkanda ina klachi na ujazo usiobadilika, kwa hiyo isome kama kundi la kwanza. Haipendi kimiminika na haipendi kuzungushwa kinyume.

Vibao vinavyoteleza. Utazikuta kwenye baadhi ya magari madogo ya zamani. Vibao vinazibwa na oili na nguvu ya mzunguko, ndiyo maana ikichoka inalegea silensa na kupata nafuu ukikanyaga mafuta.

Kabla ya kufunga geji, inama uangalie mbele ya puli. Kama kuna sahani ya chuma iliyoachana na puli kwa mwanya mwembamba na waya mmoja au miwili inaingia nyuma ya puli, hiyo ni klachi (mwanya wa kawaida ni milimita 0.3 hadi 0.6, koili ohm 3 hadi 4). Kama katikati kuna kitovu kilichoshikana na puli kwa mpira au plastiki, na waya zinaingia nyuma ya mwili wa kompresa, hiyo ni ya solenoidi.

#5 Mama Kondensa

Nyongeza kwa alichosema Puli Bubu: hizi za ujazo unaobadilika ndizo zinazoficha upungufu wa gesi. Gesi ikipungua, kompresa inafupisha mwendo ili chini ibaki karibu 30. Fundi anaona 30, anasema chini iko safi. Angalia juu: kama hewa ni 32°C na juu ni 120 huku AC haipoi, gesi haitoshi. Gusa bomba la kuingia na la kutoka evapoleta. Mfumo wenye gesi ya kutosha yote mawili ni baridi na yanatoka jasho karibu sawa. Pungufu, la kuingia lina baridi kali na la kutoka ni vuguvugu.

#6 Fenibelti

Wakuu naomba msaada. Kompresa ya solenoidi, haina klachi. Hewa 31°C, imezimwa inasoma 100. Nikiwasha chini 70, juu 115. Fundi ameshasema kompresa imekufa. Nikubali?

#7 Puli Bubu

Usikubali bado, mkuu. Chini kubwa na juu ndogo kunamaanisha kompresa haisukumi. Sababu ya kutosukuma ni swali lingine. Fuata mpangilio huu:

1. Injini ikiwaka na AC imewashwa, mulika kitovu cha katikati ya puli. Puli ikizunguka na kitovu kimesimama, kipande cha usalama kinachoviunganisha kimekatika. Zima injini, jaribu kuzungusha kitovu kwa mkono. Kikizunguka laini, huenda mpira umechoka tu. Kikigoma, kompresa imejifunga ndani, na kipande kimekatika ili kuokoa mkanda.

2. Kitovu kikizunguka, chomoa soketi ya solenoidi upime ohm. Nyingi za Denso ni 10 hadi 11. Ukipata mstari wazi au karibu sifuri, vavu imekufa.

3. Ohm zikiwa sawa, tazama amri ya kompyuta kwa mashine ya kusomea. Mkondo kamili ni kama ampea 0.8. Ikiwa haitoi amri, tafuta inachokataa: sensa ya presha, sensa ya joto la evapoleta, joto la injini. Kompyuta ikidhani presha ni sifuri haitaamuru kitu.

4. Amri ipo, mkondo upo, geji hazisogei: sasa ni vavu iliyokwama au ndani ya kompresa. Vavu hutolewa nyuma kwa kufungua pete moja au skrubu, gesi ikiwa imeshavutwa. Itazame kichujio chake. Ukikuta unga wa kung'aa wa alumini, vavu mpya haitasaidia.

Usiipe solenoidi volti 12 moja kwa moja uiache hapo. Kwa ohm 10.5 itapita zaidi ya ampea 1.1, itachemka.

#8 Fenibelti

Kitovu kinazunguka, ohm zimesoma 10.6. Mashine ya kusomea inaonyesha presha ya gesi ni sifuri wakati geji ya juu ni 115.

#9 Puli Bubu

Basi umefika. Sensa ya presha au waya zake. Waya tatu: volti 5, ardhi, na ishara. Chomoa, pima 5 na ardhi kwenye soketi. Zikiwepo, badilisha sensa. Kwenye magari mengi inatoka bila kuvuta gesi kwa sababu chini yake kuna vavu kama ya tairi, ila hakikisha kwenye gari lako kwanza. Funga na oringi mpya iliyopakwa oili ya kompresa.

#10 Bwana Silensa

Mnazungusha mambo. Mimi najaza mpaka geji ya bluu (ya upande wa chini) ifike 40, upepo ukiwa baridi kazi imekwisha. Kioo cha draya (chupa inayonyonya unyevu kwenye gesi) kikikosa mapovu ndiyo imejaa.

#11 Mama Kondensa

Mkuu Bwana Silensa, kwa heshima, hiyo 40 ni ya wapi? Kwenye kompresa ya ujazo unaobadilika, chini itabaki 30 na kitu mpaka umezidisha gesi, sindano ndipo inapanda. Kwenye klachi, 40 ya silensa si 40 ya raundi 2000. Kioo nacho kina mtego: kwenye kondensa zenye draya pembeni yake, mapovu huisha kabla ujazo haujatimia. Tena kioo kisicho na mapovu kinaweza kuwa cha mfumo uliojaa au usio na kitu kabisa.

Soma stika chini ya boneti. Gari dogo mara nyingi liko kati ya gramu 400 na 600, na kwa ujazo huo gramu 100 za kukosea ni nyingi. Vuta kilichomo, piga vakyumu (nyonya hewa na unyevu kwa pampu), pima kwa mizani, toa hesabu ya kinachobaki kwenye mipira ya geji. Ukimalizia kupitia upande wa chini injini ikiwaka, chupa isimame wima ili itoke mvuke. Ukiipindua unaingiza kimiminika, na kimiminika hakibanwi. Vijibamba vya vavu vya kompresa vinavunjika.

#12 Bwana Silensa

Sawa, la mizani nakubali. Vakyumu je? Dakika 10 hazitoshi?

#13 Mama Kondensa

Kwa mfumo uliofunguliwa, dakika 30 ni mwanzo, na kama ulikaa wazi siku nyingi ongeza na ubadilishe draya. Maji kwenye 25°C yanachemka presha ikishuka chini ya takriban milimita 24 za zebaki, ila yanahitaji muda wa kutoka. Geji ya bluu haioni tofauti huko chini. Kipimo cha mikroni (kipimo cha vakyumu ya chini sana) ndicho kinaona: shusha mpaka 500, funga, tazama kama inapanda. Ikipanda kidogo na kusimama, ni unyevu. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu.

Na vakyumu si kipimo kizuri cha uvujaji, maana inavuta oringi ndani zikazibika. Tumia naitrojeni kavu yenye regyuleta, psi 150, na maji ya sabuni. Hewa ya kompresa ya tairi hapana, ina unyevu, na R134a ikichanganyika na hewa chini ya presha inaweza kuwaka. Oksijeni usiifikirie kabisa, ikikutana na oili inalipuka.

#14 Kijana wa Draya

Kuna hii nyingine: inapoa vizuri dakika 15, kisha inaacha, chini inashuka mpaka chini ya sifuri. Nikizima dakika 5 inarudi. Ni unyevu?

#15 Mshale Mwekundu

Inawezekana, ila weka mkono kwenye matundu ya upepo wakati inaacha. Upepo ukiwa na nguvu ile ile lakini wa joto, barafu iko *ndani*, imeziba ekspansheni vavu: unyevu. Dawa ni draya mpya na vakyumu ndefu. Upepo ukiwa umepungua huku feni inavuma, barafu iko *nje*, kwenye mapezi ya evapoleta: sensa ya joto imesogea au inasoma vibaya, au kichujio cha hewa kimeziba. Hapo ukizima utaona maji mengi yakimwagika chini ya gari. Sindano kufika chini kabisa ya sifuri kunaelekeza zaidi kwenye unyevu.

Watu pia hutegemea kuona juu ikipanda sana panapoziba. Si lazima. Gesi iliyokwama inajikusanya kwenye kondensa na draya, kwa hiyo juu inaweza kubaki ya kawaida au hata kushuka. Tafuta tofauti ya joto: bomba la kuingia draya ni moto na la kutoka lina baridi au jasho, hapo ndipo penye kizuizi.

#16 Fenibelti

Na inayokata kwenye foleni tu, barabarani iko vizuri?

#17 Mama Kondensa

Presha ya juu inapanda gari likisimama, swichi inakata. Kwenye magari mengi ya Kijapani inakata karibu 455 psi, na feni inatakiwa iwe imeshaingia kasi kubwa karibu 220. Fungua boneti, geji nyekundu (ya upande wa juu) ikiwa imeunganishwa, nyunyizia maji mbele ya kondensa. Juu ikiporomoka haraka mpaka kawaida, shida ni upepo: feni imelegea, inazunguka kinyume, au kuna tope kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo huoni mpaka uzitenganishe.

Isiposhuka vya kutosha, pima bomba linalotoka kondensa. Tuseme juu ni 250, sawa na nyuzi 63 hivi, na bomba ni nyuzi 40. Tofauti ya 23 ni kubwa mno, ya kawaida ni 5 hadi 10. Ama gesi imezidi, ama kuna hewa. Kuzitenganisha, rudi kwenye jedwali la gari lililozimwa hapo juu: hewa inaonekana pale, gesi iliyozidi haionekani.

#18 Kijana wa Draya

Kompresa ikishakufa kweli, mpya inafungwa na oili kiasi gani?

#19 Puli Bubu

Mpya nyingi huja na oili ya mfumo mzima, kwa mfano ml 120 au 150. Mimina oili ya kompresa ya zamani kwenye kikombe cha vipimo. Ikitoka 50 na mpya ina 130, toa 80 kwenye mpya, kwa sababu hizo 80 bado ziko kwenye mabomba. Ukisafisha mfumo wote kwa dawa, acha 130 kamili. Ukibadilisha kondensa au evapoleta pekee, ongeza karibu ml 40 kila moja. Bomba au draya, kama 10. Oili ikizidi inapaka kuta za evapoleta na kupunguza baridi, na juu inapanda.

Aina ya oili ni ya kwenye kibati cha kompresa, si ya kwenye chupa iliyo karibu. PAG 46 na PAG 100 hazibadilishani kwa sababu tu zote zinaitwa PAG. Funika chupa mara moja, oili hii inanyonya unyevu.

Kabla ya yote, futa mdomo wa bomba la kutoka kompresa kwa kitambaa cheupe. Oili safi au ya njano, endelea. Ya kijivu inayometameta au nyeusi kama grisi, kondensa itupwe. Vijia vya kondensa za kisasa ni vyembamba mno, dawa inapita kwenye vilivyo wazi na kuviacha vilivyoziba. Badilisha na draya na ekspansheni vavu. Asiyetaka gharama hiyo atarudi na kompresa ya pili imekufa kwa unga wa ya kwanza.

#20 Fenibelti

Haibridi zenye kompresa ya umeme, geji zinasomwa vivyo hivyo?

#21 Mshale Mwekundu

Jedwali la gari lililozimwa na hesabu ya nyuzi 20 hadi 25 vinabaki vile vile. Kinachobadilika ni kwamba ni skroli inayozungushwa na mota yake, kompyuta ndiyo inayochagua kasi. Kwa hiyo kukanyaga mafuta hakukusaidii kitu. Soma kasi ya mota kwenye mashine ya kusomea pamoja na geji: chini 45 mota ikiwa taratibu si ugonjwa, chini 45 mota ikiwa kasi ya juu ni ugonjwa.

Oili humo ni ya jamii ya POE (Denso huiita ND-11), kwa sababu inazunguka ndani ya mota yenye umeme mkubwa na haipitishi umeme. PAG kidogo tu iliyobaki kwenye mipira ya geji, au rangi ya kutafutia uvujaji iliyochanganywa na PAG, inashusha uzuiaji wa umeme, na gari linaweza kuwasha taa ya hitilafu na kugoma kuwaka. Weka mipira ya peke yake kwa kazi hizi. Nyaya za rangi ya chungwa zinabeba zaidi ya volti 200: chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, vaa glavu za kuzuia umeme, subiri angalau dakika 10 kapasita ziishe, pima kwenye ncha upate sifuri, ndipo uguse boliti ya kompresa.